Antivirusi ya laptopu ya nyumbani, ninunue ipi? Niko Amu

MamaSwaleh_Langoni

Asalaam aleikum jamaa. Nina swali na nawaomba mnijibu kwa maneno mepesi, mimi si mtu wa kompyuta, natumia tu.

Hapa nyumbani tuna laptopu moja na ni ya kila mtu. Mimi naandikia oda zangu za keki na hesabu za chama cha kina mama, mwanangu mkubwa anafanyia kazi za shule, wadogo wanaangalia katuni, na baba yao ikifika mwezi wa sita ndo anaikalia kujaza ritani ya kodi ya KRA. Ndani yake mna picha zote za harusi ya dadangu, na mna sauti za marehemu bibi yetu akisoma tenzi, tulimrikodi kwa simu akiwa amekaa barazani, simu ile ikaja ikatumbukia majini pale gatini na sauti zikabaki za kwa laptopu peke yake. Hazipo pengine popote.

Sasa juzi kijana alienda na fleshi duka la muvi akatiliwa filamu. Kurudi kuichomeka, folda zote zina kimshale kidogo pale chini pembeni, na kila moja imeandikwa 1 KB. Kulikuwa na folda ya Harusi humo kwa fleshi, nayo pia ina kimshale. Nikaibonyeza ikafunguka, picha nikaziona, nikasema alhamdulillahi hakuna neno. Kumbe! Tangu siku ile kila fleshi inayoingia hapa inatoka na vimshale. Jirani yangu alikuja kuprinti barua ya kazi ya binti yake, fleshi yake ilikuwa nzima kabisa, akaenda nayo ofisini kwa watu ikakataliwa ati ina virusi. Nimeona haya mpaka leo sijapita mlangoni kwake.

Halafu kuna jambo la pili. Kule chini kulia kwa skrini kunatokea kibango chekundu, kompyuta yako ina virusi 5, leseni yako inaisha leo, bonyeza hapa ulipe. Kinakuja, nakifunga, baada ya muda kinarudi. Kaka yangu ameniambia ninunue antivirusi haraka sana kabla pesa za M-Pesa hazijaibiwa. Dukani nimeulizia nikaambiwa 2500 kwa mwaka, kompyuta moja. Ninazo, nimeziweka kando, lakini ni pesa za unga na mayai ya oda mbili tatu.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G3, tulinunua Mombasa, used iliyotoka Uingereza, ina Windows 10. Intaneti ni hotspoti ya simu yangu, na bando ni la kuhesabu. Ninunue ipi? Kaspersky, Avast, Norton, Bitdefender? Kila mtu ananitajia lake.

Fundi_Maweni (Malindi)

Waleikum salaam dada, pole sana. Hizo 2500 usizitoe bado, na hicho kibango usikibonyeze hata kidogo, wala usikilipe.

Kibango hicho si antivirusi na wala hakijaona virusi vyovyote, hakina uwezo wa kuona kitu. Kinatoka kwa brauza, ile programu ya kufungulia saiti. Mtoto alifungua saiti ya katuni au ya muvi za bure, ikamuuliza kama inaweza kumtumia habari, akabonyeza Allow ili video icheze, na tangu hapo saiti ile inatuma tangazo lolote inalotaka. Kitazame kwa makini kikija tena, kwa maandishi madogo utaona neno Chrome na jina la saiti geni hata hulijui. Ingia Chrome, vidoti vitatu juu kulia, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, utakuta orodha ya saiti zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoijua. Ukimaliza, hapo hapo juu chagua saiti zisiwe zinauliza tena. Hiyo ni kazi ya dakika mbili na haili bando.

Vile vimshale sasa ndo virusi wa kweli, na ni mkongwe, hapa kwangu hakuna wiki inapita sijaletewa fleshi yake. Nikueleze anavyofanya maana ukimwelewa hakutishi. Folda zako hakuzifuta. Amezificha, amezipa alama ile ambayo Windows hutumia kwa mafaili yake ya ndani ili mtu asiyaone, kisha mahali pa kila folda ameweka njia ya mkato yenye jina lile lile, ndo maana ina kimshale na ndo maana ni 1 KB, folda nzima ya picha haiwezi kuwa 1 KB. Ukibonyeza ile njia ya mkato inafanya mambo mawili kwa pamoja: inamwamsha virusi kwanza halafu inakufungulia folda yako ya kweli. Ndo maana picha ukaziona na usishuku. Zamani fleshi ilikuwa ikichomekwa tu inajifungua yenyewe, lakini Windows imekataza hilo miaka mingi, kwa XP na Vista ililetwa kwa apdeti ya Februari 2011. Sasa hivi virusi wa fleshi anahitaji kidole chako, na vimshale ni ujanja wa kukipata hicho kidole.

Fanya hivi kwa mpangilio huu huu, ukianza na fleshi kabla ya laptopu unateka maji kwa kikapu. Windows 10 ina antivirusi yake ndani, inaitwa Microsoft Defender, ni bure na haiishi muda. Andika Windows Security pale kwa kutafutia, ifungue, ingia Virus & threat protection. Kwanza bonyeza apdeti ya kinga. Kama haijaingia siku nyingi inaweza kula zaidi ya MB 100 mara ya kwanza, zikishaingia hizo zinazofuata ni ndogo. Kisha ingia Scan options uchague ile ya Offline. Laptopu itajizima na kujiwasha, itaskani kabla Windows yenyewe haijaamka, na hapo virusi hana pa kujificha maana naye pia hajaamka. Ni kama robo saa. Chomeka chaja na uangalie batri isiwe chini, stima ikipotea katikati ni usumbufu.

Ikishakuwa safi ndo uchomeke fleshi moja moja, usifungue kitu, bonyeza kwa upande wa kulia wa mausi juu ya fleshi yenyewe, chagua Scan with Microsoft Defender. Akishaondolewa, fungua Command Prompt uandike hivi, kama fleshi yako ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zako za kweli zitatokea zote. Vile vimshale vilivyobaki vifute. Ukiona folda inaitwa System Volume Information iache, hiyo ni ya Windows.

Na jirani yako mwite, mwambie alete fleshi yake uisafishe. Hajapoteza kitu.

Mkunguni_88 (Amu)

Fundi kaeleza vizuri lakini mimi kwa hili la Defender peke yake siafikiani naye moja kwa moja, na nasema kwa sababu mimi nalipia na sijuti. Nyumba yenye watoto si sawa na ofisi ya mtu mmoja. Hii ninayolipia leseni moja inashika laptopu na simu mbili, na ina sehemu ya kuzuia saiti za uchafu, na mtoto akibonyeza linki mbovu ndani ya brauza yoyote ukurasa haufunguki. Defender ulinzi wake wa linki uko zaidi upande wa Edge, brauza ya Microsoft wenyewe, ukitumia Chrome hauko vile vile. Kwa hiyo mtu akiwa na uwezo asiambiwe anatupa pesa.

Majina yote uliyotaja dada ni antivirusi za kweli, si za wizi. Kuna maabara mbili huru zinazipima na matokeo yao unayasoma bure, AV-TEST iko Ujerumani na AV-Comparatives iko Austria. Bitdefender na Kaspersky wako juu miaka yote. Kaspersky Marekani walipiga marufuku kuuzwa kwao Juni 2024 kwa hofu ya mkono wa serikali ya Urusi, kampuni yenyewe imekataa hilo, na hapa Kenya bado inauzwa. Avast ya bure ni nzuri kukamata virusi ila mjue kwamba Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliwatoza dola milioni 16.5 kwa sababu walikuwa wanauza habari za saiti ambazo wateja wao wanatembelea, kupitia kampuni yao tanzu iliyokuwa ikiitwa Jumpshot, ambayo waliifunga 2020. Mimi mtu anayenilinda nyumbani sitaki awe anahesabu wageni wangu.

Fundi_Maweni (Malindi)

Ndugu yangu Mkunguni hapo kwa Chrome umesema kweli na sikubishii. Na kwa maabara hizo hizo ulizotaja, Defender nayo miaka ya karibuni inapata alama za juu, AV-TEST mara nyingi inaipa kamili kwa upande wa kukinga. Zamani enzi za Windows 7 haikuwa hivi, ndo maana watu wengi wa rika letu bado tunaidharau.

Tofauti yetu ni hii: dada ana laptopu moja ya zamani, bando la kuhesabu, na picha ambazo hazipo pengine. Mimi hizo 2500 naziona zina kazi nyengine.

Mwalimu_Mambrui

Hapo kwa kazi nyengine naomba niingilie maana mimi nimeyaonja.

Mimi nilikuwa na antivirusi ya kulipia, si ya bure, leseni hai, apdeti zinaingia kila siku. Likizo moja nikataka Office kamili ya kuandalia mitihani na bei ikanishinda, nikatafuta kraki, yaani kiprogramu cha kuifungua bila kulipia. Maelezo ya ile kraki yalianza na mstari unaosema zima antivirusi yako kwanza maana itakuambia ni virusi kwa makosa. Nikaizima kwa mkono wangu. Nilikuwa naenda kuswali laasiri, nikaiacha inafanya kazi. Kurudi, kila faili kwa kompyuta imeongezwa herufi nne mwisho wa jina lake, picha za watoto zimekuwa karatasi nyeupe, noti zangu za miaka sita hazifunguki hata moja, na ndani ya kila folda kuna faili moja mpya inaitwa _readme.txt. Nikaifungua. Inasema mafaili yako tumeyafunga, ukitaka ufunguo ni dola 980, ukitutafuta ndani ya saa 72 ni nusu yake, dola 490. Nilikaa kwa kiti mpaka magharibi ikaadhiniwa. Sikuwa na hata dola arobaini.

Baadaye ndo nikajua ile ni familia moja ya virusi wa kufunga mafaili, wanaiita STOP au Djvu, na njia yake kubwa ya kuingia ni hizo hizo kraki za programu na za magemu. Kampuni moja inaitwa Emsisoft ilitoa 2019 programu ya bure ya kuyafungua mafaili hayo, na kuna saiti ya No More Ransom ambayo ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na kampuni za usalama, unaweka faili moja lililofungwa wanakuambia kama ufunguo wake upo. Wangu haukuwepo. Kwa aina mpya za virusi huyo hufungua pale tu alipokosa intaneti akatumia ufunguo wa pamoja, na mimi siku ile nilikuwa nimejiunga bando la siku nzima.

Kwa hivyo dada yangu, mimi sikuibiwa kwa kukosa antivirusi. Nilikuwa nayo na ilinionya. Kilichonikosa ni nakala. Zile noti zingekuwa na nakala kwa fleshi ya elfu moja iliyokaa kwa droo ningefuta kompyuta nzima jioni ile ile na kesho yake ningeingia darasani kama kawaida.

Sauti za bibi yenu ziko mahali pamoja tu. Kabla ya Defender, kabla ya Kaspersky, kabla hujamaliza kusoma hapa, zitoe nakala. Za sauti ni ndogo, zitume hata kwa imeli yako mwenyewe usiku huu. Picha zina ukubwa gani?

SaibaYaMjini_Malindi

Nafanya kazi saiba, duka la intaneti na kuprinti, hapa Malindi na nataka kusema kwa upande wetu maana sisi ndo tunalaumiwa kila fleshi ikiumwa, na mara nyengine lawama ni haki yetu. Kwa siku zinaingia fleshi ishirini thelathini, ya mwanafunzi, ya wakili, ya mtu katoka Watamu na picha za hoteli, ya mwenye kutaka CV, zote zinapita kwa mashine mbili. Moja ikiwa na virusi saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri wamegawana. Sisi siku hizi tumeweka fleshi yoyote inaskaniwa kabla ya kufunguliwa, lakini wateja wakipanga foleni kuna kijana ataruka hiyo hatua, nasema ukweli.

Kwa hiyo nawashauri wateja wangu namna mbili. Kama ni barua ya kurasa mbili usilete fleshi, itume kwa imeli ya saiba au WhatsApp uisubiri hapo itoke, kisha usimame uhakikishe imefutwa, hasa kama ina nambari ya kitambulisho. Na kama lazima ubebe kitu, beba memori kadi ile ndogo ya simu ndani ya adapta yake kubwa. Ile adapta kwa ubavu ina kilimi kidogo cha plastiki, ukikishusha kwa upande ulioandikwa Lock, kwa kawaida mashine inasoma lakini haiandiki. Virusi hana pa kujiandika. Unaprinti, unatoka, kadi yako iko vile vile ilivyoingia. Kwa duka la muvi hiyo haitafaa maana pale wewe unataka waandike, basi kwa muvi uwe na fleshi yake peke yake isiyo na kitu chengine, picha za harusi zisipande jahazi moja na muvi.

MamaSwaleh_Langoni

Jamaa Mungu awabariki, nimesoma yote mara mbili. Mwalimu umenitia machozi. Sauti za bibi nimeshazituma kwa imeli yangu na ya dadangu, ziko kumi na tatu, ilichukua kama saa na bando limekwenda lakini moyo umetulia. Picha na video za harusi ni kama GB 11.

Kile kibango nimekiondoa. Nilikuta saiti tisa zimeruhusiwa, tisa! Mojawapo jina lake ni herufi na namba tu. Tangu hapo skrini imetulia.

Sasa kwa Defender nimekwama. Nikifungua ile Windows Security inaniambia ninatumia antivirusi nyengine, inataja jina la kampuni, na mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho. Nikiifungua hiyo nyengine inasema majaribio yameisha, na apdeti ya mwisho ni ya mwaka juzi. Na kuna kitu chengine, Windows inaniambia muda wa Windows 10 umeisha na kompyuta yangu haiwezi Windows 11. Je ndo basi ninunue laptopu mpya? Hilo siliwezi.

Na mnisaidie kwa M-Pesa, hakuna aliyenijibu.

Fundi_Maweni (Malindi)

Basi hapo ndipo tatizo lote lilipo dada, umeliona mwenyewe. Aliyekuuzia laptopu aliiwekea antivirusi ya majaribio, na Windows ikiona kuna antivirusi nyengine imejiandikisha, Defender inajiweka kando ili zisigombane, maana mbili kwa pamoja zote zikiwa macho zinashikana mashati na laptopu inakuwa nzito. Sasa ile ya majaribio muda umekwisha na wewe hukujua. Umekaa na askari wa langoni aliyelala, na yule mwengine ameambiwa asije kazini kwa sababu wa kwanza yupo. Watu wengi wako hivi na hawajui.

Dawa yake: Settings, Apps, itafute kwa jina, Uninstall, kisha uwashe laptopu upya. Defender itaamka yenyewe. Hakikisha alama ya ngao kule chini iko na tiki ya kijani, halafu ufuate yale niliyoandika mwanzo. Na kama ile hotspoti umeiambia Windows ni ya kupimwa, yaani metered, apdeti huwa zinangojangoja, kwa hiyo ujizoeshe kuingia mwenyewe mara moja kwa wiki na kubonyeza.

M-Pesa: virusi wa laptopu hafiki kwa laini yako ya simu, PIN yako haiko kwa laptopu. Kaka yako amekutia hofu bure hapo. Kinachoweza kuibiwa ni paswodi zilizohifadhiwa ndani ya brauza, imeli, Facebook, iTax ya mzee, eCitizen. Huyu wa vimshale aina zake ni nyingi na wengine wanakuja na wenzao, kwa hiyo laptopu ikishakuwa safi badilisha ya imeli kwanza, maana mwenye imeli yako anaweza kuomba nyengine zote zibadilishwe. Badilishia kwa simu. Na mzee akijaza ritani kwa ile fomu ya Excel aichukue ndani ya iTax yenyewe, asikubali ya kutumiwa na mtu WhatsApp, fomu zile zinataka uruhusu makro, yaani vijiprogramu vinavyokaa ndani ya faili la Excel, na makro ni mlango mpana sana.

Kwa Windows 10, ni kweli muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Na G3 yako ina prosesa ya kizazi cha sita, Windows 11 inataka cha nane kwenda mbele, hilo si kosa lako wala la aliyekuuzia. Lakini hujatupwa leo. Microsoft wameweka mpango wa kuongezewa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, unaingia kwa Windows Update utaona maneno ya kujiandikisha. Ni dola 30, ama ni bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako huko. Chagua ya bure. Defender yenyewe wamesema wataendelea kuilisha mpaka Oktoba 2028, lakini mlinzi kwa nyumba yenye ukuta uliobomoka kazi yake ni ngumu, usitegemee hiyo peke yake.

Msidharau apdeti jamaa zangu. WannaCry, virusi wa kufunga mafaili, ya tarehe 12 Mei 2017 iliyofunga hospitali Uingereza na kuingia nchi 150, dawa yake Microsoft waliitoa tarehe 14 Machi mwaka ule ule. Karibu miezi miwili ilikuwa imekaa pale bure inangoja mtu abonyeze.

Shela_Upepo

Oktoba hiyo ya 2026 ikifika bila pesa ya laptopu, weka Linux Mint kwa hiyo hiyo G3, ni mfumo unaokaa mahali pa Windows. Ni bure, inapokea apdeti, virusi wa vimshale hana kazi kule. Mimi nimewawekea wazazi wangu hapa Shela, baba anasoma magazeti na mama anaangalia mawaidha, hawajaniita tena. Ila keki zako kama unaandika kwa Excel jaribu kwanza LibreOffice, programu ya bure mfano wa Office, uone kama hesabu zinakaa sawa, usihame kwa haraka.

Mkunguni_88 (Amu)

Dada kwa hali yako nakubaliana na Fundi na Mwalimu, bei ya leseni nunulia fleshi mbili za GB 64 uweke nakala. Moja ikae kwako na moja kwa dadako, kwa nyumba tofauti. Isiwe imechomekwa siku zote, virusi kama yule wa Mwalimu akiingia, kinachokaa kimechomekwa kinafungwa pamoja na vyengine. Na kama alivyosema ndugu wa saiba, hizi zisiende duka lolote. Kuna kitu kimoja cha Defender pia uwashe, kinaitwa Controlled folder access, kimezimwa mpaka ukiwashe mwenyewe. Kinazuia programu isiyojulikana kugusa Documents na Pictures. Siku za kwanza kinaweza kuzuia hata programu yako nzuri, unairuhusu mara moja basi.

Niko karibu na Mkunguni, ukikwama mtume kijana na laptopu nitamwonyesha, bila malipo.

MamaSwaleh_Langoni

Narudi kuwapa habari. Ile ya majaribio nimeiondoa, ngao ikawa kijani. Skani ya offline nimeifanya usiku watoto wamelala, skrini ikawa nyeusi na maandishi ya bluu nikaogopa kidogo, ikamaliza ikajiwasha. Imepata vitu vitatu. Viwili vina majina marefu na jina la folda ambayo sikuwahi kuiona, na cha tatu ni kraki ya Office. Nimemuuliza kijana, amesema aliiweka mwezi wa nne kwa sababu ya kazi ya shule. Sikumgombeza. Nimemsomea yale ya Mwalimu kwa sauti, yote, mpaka pale pa dola 980. Tumeiondoa pamoja na tumeweka LibreOffice.

Fleshi ya jirani nimeenda kuichukua mwenyewe asubuhi, nikamweleza, nikaisafisha kwa ile amri ya attrib mbele yake, folda zake zikatokea moja moja na barua ya binti iko. Alinipa chai.

Kwa Windows nimejiandikisha ile ya bure. Fleshi mbili nimemwagiza mtu anayekuja kesho na basi la Mombasa, atavuka Mokowe jioni. Mkunguni, kijana nitamtuma Jumamosi kwa ile Controlled folder access, inaniambia nichague programu za kuruhusu na sitaki kukosea. Mwalimu, zile noti zako zilizofungwa bado unazo? Usizifute, huenda siku moja ufunguo ukapatikana.

Mwalimu_Mambrui

Ninazo dada, ziko kwa diski peke yake, nimeandika tarehe juu yake. Kila likizo naingia ile saiti ya No More Ransom naangalia.